Kinshasa ni Tawi la Nani?

Kosa la rapa Baloji lilitokea kabla hajafungua mdomo. Mtoto aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, anayeiita bendi yake Orchestre de la Katuba, alipotaka kuirudisha rapu yake Kongo alikwenda kurekodi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hiyo Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi. Kisha akaipa albamu jina la Kinshasa Succursale, yaani Tawi la Kinshasa. Nimeisikiliza upya wiki hii na bado nauliza: tawi la nani?

Mtasema nina kinyongo na Kin. Ninacho, tena cha miaka. Lakini leo nazungumzia gita.

Chukueni wimbo wa Siku ya Baadaye. Mwaka 2010, nchi ikitimiza miaka 50 ya uhuru, Baloji aliuchukua Indépendance Cha Cha wa Grand Kallé na kupandisha mistari yake juu. Wazo lilikuwa zuri. Ila rumba ya Kinshasa ni nyumba isiyo na chumba kitupu: gita la akompa linafuma, mi-solo anajibu, solo anapita juu, na besi haitulii. Mwimbaji wa rumba anaelea juu yake, kwa sababu anavuta sauti. Mchanaji hana sauti ya kuvuta. Ana silabi, tena hizi za Kifaransa zilizobanana, na kila silabi inatafuta upenyo. Kwa hiyo mistari na magita vinapigana vikumbo. Na Kiswahili? Nakiona kwenye jina zaidi ya ninavyokisikia.

Halafu kuna wimbo wa Nazongi Ndako. Mtoto wa Lubum anatangaza kwamba amerudi nyumbani, na anatangaza kwa Kilingala! Sisi tunasema “narudia ku nyumba”. Wazee wa mitaa yetu ya Katuba na Kenya wanakumbuka Kilingala kilivyotufikia: kilivaa sare ya askari. Mtu hapigi hodi kwa mama yake kwa lugha ile.

Upenyo aliokuwa anautafuta ulikuwa huku, tangu 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gita Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo. Sikilizeni wimbo wake Masanga. Vidole viwili tu: dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinacheza juu, na katikati pana hewa. Njooni kwa Edouard Masengo na Losta Abelo, muongeze chupa inayogongwa. Chupa ile inafanya kazi ya hi-hat, miaka mingi kabla ya mashine za biti. Gita moja, chupa moja, na mtu anayesimulia habari za mtaa kwa Kiswahili. Mchanaji anataka nini zaidi? Mwenda alivuka na vidole hivyo hadi Nairobi, na wapiga gita wa kule wakamfuata. Hakuhitaji tawi.

Mengine alifanya vizuri. Akiwa na Starflam, kundi la rapu la Liège, Ubelgiji, lililotoka chini kabisa, alitoa albamu ya Survivant mwaka 2001, na mistari ilistahili sifa. Albamu yake Hotel Impala ya 2007, jibu la barua ya mama yake, ni kazi ya mtu mzima. Wimbo wa Karibu ya Bintou, aliofanya na bendi ya Konono N°1, unasimama, na sababu ni ileile: likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, inarudia mduara wake na kumwachia njia.

Huo ndio ushahidi unaoniudhi. Sikio lake lilijua. Palipokuwa na hewa alichana vizuri hata Kinshasa, na bado hakujiuliza hewa hiyo imejaa wapi tangu babu zetu. Mwaka 2018 akatoa 137 Avenue Kaniama, albamu yenye jina la anwani. Sawa, anwani tumepata. Gita la vidole viwili na chupa bado tunavingoja hapa Katuba.