Ubinafsishaji, Mapendeleo au Uoanishaji? Uhakiki wa Istilahi za Kusimamia Mitandao ya Simu

Miongoni mwa istilahi za mawasiliano zinazowafikia wafasiri na maofisa wa ununuzi siku hizi, ipo moja ambayo tumeonelea inafaa kuhakikiwa kabla haijaota mizizi. Inataja kazi ya kuifanya programu ya kusimamia mtandao wa simu ikubaliane na mtandao wenyewe pamoja na matakwa ya mwenye mtandao. Kiingereza kina neno moja kwa kazi hiyo, nalo limetokana na desturi ya fundi kumtengenezea mteja kitu kwa kipimo chake. Kwa Kiswahili mfasiri hukuta mbele yake maneno yasiyopungua manne: ubinafsishaji, uwekaji mapendeleo, ugeuzaji na urekebishaji. Katika makala haya tutayapima maneno hayo, kisha tutatoa pendekezo.

Hatuna budi kuanza na kitu chenyewe, kwani istilahi haipimwi pasipo kujua inataja nini. Mtandao mkubwa wa simu haununuliwi siku moja wala duka moja. Mitambo ya kuunganisha simu yaweza kutoka kwa mtengenezaji mmoja, vifaa vya minarani kwa mwingine, na vyombo vya kupitisha mawasiliano katika nyaya za nuru kwa wa tatu. Kila mtengenezaji huja na namna yake ya kutaja hitilafu na kuhesabu matumizi. Msimamizi aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta anatakiwa kuuona mtandao mmoja, ilhali vyombo vyake vinamsemesha kwa lugha nyingi.

Jitihada za kuleta umoja zimekuwapo. Mwaka 1988 ilitolewa kanuni ya SNMP, inayoiwezesha programu moja kuviuliza habari vyombo vya watengenezaji mbalimbali. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lenye makao yake Geneva, lilitoa pendekezo M.3010 kuhusu muundo wa jumla wa usimamizi wa mitandao ya simu. Hata hivyo, umoja huo una mipaka. Katika SNMP, majina ya vitu vyote yamepangwa kama mti wenye matawi. Lipo tawi la pamoja, na lipo tawi ambamo kila mtengenezaji amepewa namba yake: Cisco ina 9, Ericsson 193, Huawei 2011. Chini ya namba yake, kila mmoja yu huru kuviita vitu vyake apendavyo. Sarufi ni moja, lakini misamiati ni mingi. Ndiyo sababu programu ya usimamizi huuzwa pamoja na zana za kumwezesha mnunuzi kuilinganisha na mtandao wake.

Tukizichunguza zana hizo, twaona kwamba zinafanya kazi tatu tofauti. Ya kwanza ni kuchagua miongoni mwa mambo ambayo mtengenezaji wa programu amekwisha kuyaweka, kwa mfano joto la chombo lifike wapi ndipo kengele ilie, au ni fundi yupi aruhusiwe kufungua ukurasa upi. Ya pili ni kuandaa jedwali la kulinganisha misamiati ya watengenezaji na msamiati mmoja wa mwenye mtandao. Ya tatu ni kuandika programu mpya, pale panapokuwa na chombo ambacho programu iliyonunuliwa haikijui kabisa.

Sasa tuyapime maneno. Ubinafsishaji lina kasoro kubwa kuliko yote, kwa kuwa katika uwanja huuhuu wa simu limekwisha kupata kazi nyingine. Mwaka 2001 Serikali ya Tanzania iliuza asilimia 35 ya hisa za kampuni ya simu ya TTCL, na mwaka 2016 ikazirudisha mikononi mwake. Nchini Kenya, asilimia 51 ya hisa za Telkom Kenya ziliuzwa mwaka 2007. Shughuli hizo za kuuza ndizo zilizoitwa ubinafsishaji, magazetini na Bungeni. Mtumishi wa umma akikuta katika waraka maneno "zana za ubinafsishaji wa mtandao", ana haki ya kuuliza ni nani anayeuziwa.

Mapendeleo nalo si salama. Katika orodha za simu ya mkononi halidhuru, maana mwenye simu ni mmoja na anachagua rangi aipendayo. Likiingizwa katika nyaraka za zabuni, ambako upendeleo ni kosa, litazua mashaka. "Zana za mapendeleo kwa mtandao wa watengenezaji wengi" ni maneno yanayoweza kusomwa kana kwamba mtengenezaji mmoja amekwisha kupendelewa.

Ugeuzaji limetokana na kauli ya "geuza kukufaa", ambayo ni kauli nzuri kwa mtu mmoja. Lakini likikatwa na kufanywa nomino, sehemu ya kufaa hupotea ikabaki kugeuza tu, bila kusema kitu kinageuzwa kielekee wapi. Urekebishaji nalo lina mwenyewe: katika usimamizi wa mitandao, kurekebisha ni kuondoa hitilafu. Fundi akiambiwa alete zana za urekebishaji, ataleta bisibisi na spana.

Juu ya kasoro hizo ipo moja inayoyahusu maneno yote manne. Kila moja linazifunika kazi tatu kwa blanketi moja. Tuchukue mfano wa ngazi za hitilafu. Miongoni mwa ngazi za pendekezo X.733 la mwaka 1992 zimo nne zilizopangwa kwa uzito: hitilafu inayodai hatua papo hapo, inayodai hatua ya haraka, ambayo haijaathiri huduma lakini inafaa kushughulikiwa isije ikakua, na dalili ya hitilafu inayonyemelea. Twaweza kuziita dharura, kubwa, ndogo na tahadhari. Tuseme mtengenezaji mmoja hutumia ngazi tatu tu, na kukatika kwa umeme mnarani anakuita "kubwa", wakati mwenzake anakuita "dharura". Asipokuwapo mtu wa kuoanisha ngazi hizo, mnara wa kwanza utasubiri asubuhi na wa pili utapelekewa fundi usiku, ingawa hitilafu ni ileile. Mkataba ukisema tu kwamba mwuzaji "atafanya ubinafsishaji", yeye aweza kuchagua rangi za kioo na saa za eneo, akadai malipo yake, na jedwali la ngazi likabaki tupu. Na mtengenezaji wa vyombo akibadili programu yake mwakani, haitajulikana ni nani mwenye wajibu wa kulisahihisha.

Kwa hiyo twapendekeza kila kazi ipewe jina lake. Kuchagua miongoni mwa yaliyomo kuitwe usanidi, neno ambalo wanakompyuta wamekwisha kulizoea. Kulinganisha misamiati ya watengenezaji kuitwe uoanishaji, na jedwali lake jedwali la uoanishaji. Kuandika programu mpya kuitwe upanuzi wa programu. Pale ambapo matini asilia yanataja kazi zote tatu kwa pamoja, mfasiri aweza kuandika utayarishaji mahususi. Huenda ikasemwa kwamba maneno mawili ni mengi palipo na moja. Sisi twaona urefu huo unavumilika, kwani hakuna atakayedhani kwamba kampuni inauzwa.

Pendekezo letu lina gharama yake, nayo humwangukia mfasiri. Hataweza tena kutia neno moja kila anapokuta neno moja. Itambidi aulize ni kazi ipi inayotajwa, na pengine amrudie mwenye waraka. Twaamini swali hilo ni bora liulizwe mezani pa mfasiri kuliko kuulizwa baada ya mkataba kutiwa sahihi. Walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wanaozitumia istilahi hizi kila siku wanaombwa wazijaribu katika kazi zao na kutuletea maoni, hususan kuhusu uoanishaji, ambalo ndilo jipya zaidi katika uwanja huu.