Mtu wa Kuchorwa Alipwe Kwanza

Mwaka 1875 akademia ya sanaa ya taifa mjini New York ilikaukiwa fedha, ikatangaza kusimamisha madarasa ya kuchora mtu hai. Wanafunzi pamoja na mwalimu wao, Lemuel Wilmarth, wakapanga chumba, wakachanga ada, wakamlipa mtu wa kuwapozia. Ndiyo asili ya Art Students League, ambayo hadi leo wanachama wenyewe huchagua uongozi wake. Walianza na hesabu: modeli na kodi ya chumba hulipwa vilevile, waje wachoraji watano au ishirini.

Lubumbashi, ikiitwa bado Elisabethville, ilipita njia nyingine. Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa afisa wa jeshi la maji la Ufaransa, alifungua karakana ya Hangar mwaka 1946, na hakutaka kuwawekea vijana wake mfano wa kunakili. Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa vistari vifupi, Pilipili Mulongoy akatuachia samaki na ndege wake. Laurent Moonens akaanzisha Akademia ya sanaa mjini humo mwaka 1951, na Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, Hangar ikaingizwa humo. Picha zile hazikupungukiwa kitu. Ila mtu akisimama mbele yako dakika ishirini, unaona uzito ukihamia mguu mmoja, nyonga ya upande huo ikipanda na bega lake likishuka. Hilo kichwa hakilihifadhi. Sharti jicho lilione mara nyingi.

Wanafunzi wa chuo hapa Kampemba, mjini Lubumbashi, wakitaka darasa lao la kuchora mtu hai, ningewashauri waanzie kwenye sanduku la fedha. Ada ya muhula ilipwe yote mwanzoni. Ukingoja kila mtu atoe faranga zake siku anapokuja, mvua ya kwanza italivunja darasa. Kupoziana bure kwa zamu kunavutia, lakini anayepozi siku hiyo hachori, na baada ya zamu mbili tatu huanza kutoa udhuru. Bora atafutwe mtu wa nje, alipwe siku ileile hata wachoraji wakiwa wachache. Kuhusu nguo, ubishi huo umeua vikundi vingi kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa: kaptula na singlendi zinaacha magoti, viwiko, mabega na mitulinga wazi, na kazi ya mwaka mzima imo humo. Simu zibaki mlangoni.

Saa ishikwe na mmoja. Aanze na krokii (michoro ya haraka) kumi za dakika mojamoja, mkono ulegee, kisha mbili za dakika tano, ndipo pozi la dakika ishirini. Kabla ya mapumziko, nyayo za modeli zizungushiwe chaki sakafuni, la sivyo akirudi atakuwa mtu mwingine kabisa.

Vitabu vya Ulaya husifu dirisha la kaskazini. Sisi tuko nyuzi 11 na ushei kusini mwa ikweta, jua liko kaskazini yetu sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo mwanga uliotulia huingia kwa dirisha la kusini. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua huvuka upande huo, basi tundikeni shuka jeupe dirishani. Jumamosi asubuhi inafaa: umeme ukikatika, hakuna kinachosimama. Juni na Julai asubuhi kuna baridi, pozi zifupishwe na modeli apewe kitenge cha kujifunika akipumzika.

Makaa ya kuchorea tengenezeni wenyewe. Menyeni vijiti vyembamba vilivyokauka, vipangeni vikibanana ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, toboeni tundu moja kwa msumari, kisha kopo liwekwe juu ya mbabula (jiko la makaa), nje. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, liondoeni na msilifungue mpaka lipoe kabisa, maana hewa ikiingia vijiti vikiwa vya moto mtakuta majivu. Karatasi ya kaki inatosha. Rangi za mafuta, fremu na maonyesho vingoje muhula wa pili, sanduku likiwa bado lina kitu.