Kutangulia kwa Mkondo: Lugha ya Kapasita kutoka Pwani hadi Opala

Utangulizi

Miongoni mwa sentensi ambazo mwanafunzi wa fizikia hutakiwa kuzikariri, iko moja ambayo imeleta utata zaidi kuliko urefu wake: "Katika kapasita, mkondo hutangulia volteji kwa nyuzi 90." Sentensi hii ni sahihi. Maneno yake yanaeleweka, na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, mwanafunzi anayeisoma kwa makini hana budi kujiuliza swali ambalo sentensi yenyewe hailijibu: iwapo volteji ndiyo inayosukuma na mkondo ndio unaosukumwa, yawezekanaje kisukumwacho kikatangulia kisukumacho?

Makala haya yanaihakiki sentensi hiyo kama matini ya Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba ugumu wake hautokani na uchache wa istilahi, kama inavyodaiwa mara kwa mara, bali unatokana na kitenzi kimoja kilichoachwa bila ufafanuzi. Mahali panapochukuliwa kuwa kipimo cha hoja hii ni Opala, katika jimbo la Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sababu ya uchaguzi huo ni kwamba lugha ya sayansi inayoeleweka Dar es Salaam peke yake haijawa bado lugha ya sayansi ya Waswahili wote.

Istilahi na njia zake

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi kwa Kiswahili ilifanywa kwa bidii nchini Tanzania. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kutokana na juhudi za namna hii, msomaji wa leo ana maneno kama mkondo geu, chaji, kihami na ukinzani. Si haki, basi, kusema kwamba Kiswahili hakina maneno ya umeme.

Lakini maneno husafiri kwa njia tofauti. Kiswahili kilifika kwenye maporomoko ya Kisangani pamoja na misafara ya karne ya 19, na mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa liwali wa eneo hilo. Istilahi za umeme hazikufuata njia hiyo ya misafara. Ziliingia kwa Kifaransa, kupitia shule, reli, viwanda na mashirika ya umeme. Ndiyo maana kifaa ambacho Mtanzania hukiita kapasita, fundi wa Kisangani hukiita kwa neno lililotokana na Kifaransa, yaani kondensateri. Neno la kwanza linasisitiza uwezo wa kubeba, la pili linasisitiza kusongamanisha. Yote mawili yanakitaja kitu kilekile: mabamba mawili ya metali yanayotazamana, yaliyotenganishwa na kihami, yenye uwezo wa kuhifadhi chaji.

Tatizo kubwa zaidi liko katika neno mkondo. Pwani, mkondo ni maji yaendayo, na maana ya umeme imejengwa juu ya maana hiyo. Katika mazungumzo ya Kisangani na vitongoji vyake, neno la Kifaransa lenye maana hiyo, kuran, hutajwa kwa maana ya umeme wenyewe kama huduma: kuran imekuja, kuran imekatika. Nalo neno la Kifaransa la volteji, tansyo, katika mazungumzo ya kila siku humkumbusha msikilizaji shinikizo la damu kabla hajafikiria waya. Basi mtu akitafsiri kwa haraka na kusema kwamba "kuran inatangulia tansyo", msikilizaji wa Opala aweza kuelewa kwamba umeme hufika kwanza na nguvu zake hufuata baadaye. Ubaya wa tafsiri hiyo ni kwamba inaonekana kuthibitishwa na macho: jenereta inapowashwa, taa huanza kwa mwanga hafifu kisha hung'aa. Kwa hiyo kosa hupata ushahidi usiolihusu, na kosa lenye ushahidi ni gumu kung'oa.

Uchambuzi wa kitenzi kutangulia

Kitenzi kutangulia kina maana tatu zinazokaribiana. Kwanza, ni kuwa mbele njiani. Pili, ni kutokea mapema katika wakati. Tatu, ni kuwa na daraja au asili, kama isemwapo kwamba wazee waliotutangulia ndio waliotuachia desturi. Maana hii ya tatu humshawishi msomaji aone kwamba kinachotangulia ndicho chanzo. Katika kapasita, ushawishi huo unapotosha. Mkondo hautangulii volteji kama mzazi anavyomtangulia mtoto, wala hauna habari ya volteji ambayo haijafika.

Kinacholinganishwa ni vilele viwili tu. Katika umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, ambao ndio utumikao Kongo na Afrika Mashariki, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20, na robo ya mzunguko ni milisekunde 5. Volteji inapopita sifuri ikipanda, mkondo wa kapasita huwa kwenye kilele chake. Milisekunde 5 baadaye volteji hufika kileleni, na wakati huohuo mkondo huwa sifuri. Volteji inapoanza kushuka, mkondo hugeuka na kutoka upande wa pili, nao huwa mkubwa kabisa kwa upande huo pale volteji inapopita tena sifuri. Nyuzi 90 zinazotajwa ni robo hiyo ya mzunguko, ikiandikwa kwa lugha ya duara badala ya lugha ya saa.

Sababu yake ni fupi. Volteji ya kapasita ni kipimo cha chaji iliyokwisha kukusanyika. Mkondo ni kasi ya kuingia au kutoka kwa chaji hiyo. Kitu kinapofika kileleni, kwa nukta hiyo hakipandi wala hakishuki; kwa hiyo hakuna chaji inayoingia wala inayotoka, na mkondo ni sifuri. Volteji inapopita sifuri, ndipo inapobadilika kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote. Kwa hiyo mkondo huwa mkubwa kuliko wakati wowote. Kujaa kunatanguliwa na kujaza. Hapo hakuna muujiza wowote.

Picha ya bahari na picha ya mto

Mwenyeji wa pwani anayo tayari picha ya jambo hili, ingawa vitabu haviitumii mara nyingi. Katika mlango wa hori, maji huingia kwa nguvu zaidi si wakati bahari imejaa, bali katikati ya kujaa. Bahari ikijaa kabisa, maji ya mlangoni hutulia. Kisha hupwa, na mkondo hurudi baharini. Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, kwa hiyo kilele cha mkondo hutangulia kilele cha kina kwa saa tatu hivi. Mvuvi hahitaji hesabu kulijua hilo. Huipanga safari yake kwa kulifuata.

Je, picha hiyo yamfaa mtu wa Opala? Yeye hana bahari, na Lomami haurudi nyuma mara mbili kwa siku. Hapa ndipo waandishi wengi huishia, ama kwa kumlazimisha mwanafunzi wa bara afikirie hori asiloliona, ama kwa kuacha picha na kurudi kwenye kukariri. Lakini mto unayo picha yake. Kandokando ya mito ya bonde la Kongo kuna vidimbwi vya msituni vinavyoungana na mto kwa mifereji. Mto unapopanda, maji huingia kidimbwini. Mto unapofika kimo chake cha juu, maji ya mfereji husimama. Mto unapoanza kushuka, maji hugeuka na kutoka, na wavuvi hutega migono yao mle. Hakuna mvuvi atakayesema kwamba maji ya mfereji yaliujua mto kabla mto haujapanda. Atasema kwamba maji huenda mbio wakati mto unabadilika, na husimama wakati mto umesimama. Hiyo ndiyo kanuni ya kapasita, nayo imesemwa bila neno hata moja la kigeni.

Picha hii yastahimili hata swali la pili. Mfereji ukiwa mpana, kimo cha kidimbwi hufuatana na kimo cha mto, na mtiririko hutangulia kimo cha mto kwa robo kamili ya mzunguko. Mfereji ukiwa mwembamba, maji huzuiwa, na utangulizi huo hupungua. Ndivyo ilivyo rezista inapounganishwa kwa mfululizo na kapasita: mkondo bado huitangulia volteji ya chanzo, ila kwa nyuzi pungufu ya 90.

Sarufi iliyosahauliwa

Hoja kwamba Kiswahili hakiwezi kuieleza hesabu ya mabadiliko inasahau muundo ambao kila msemaji anao: kadiri … ndivyo. Zilinganishwe sentensi mbili. Ya kwanza yahusu rezista: "Kadiri volteji inavyokuwa kubwa, ndivyo mkondo unavyokuwa mkubwa." Ya pili yahusu kapasita: "Kadiri volteji inavyobadilika upesi, ndivyo mkondo unavyokuwa mkubwa." Tofauti ya vifaa viwili imebebwa na tofauti ya vitenzi viwili, kuwa na kubadilika. Mwanafunzi akishaishika tofauti hiyo, hahitaji tena kukariri kipi kinatangulia kipi, kwani atakipata mwenyewe. Shule zifundishazo kwa Kiingereza hutegemea neno CIVIL, ambalo herufi zake hukumbusha mpangilio wa mkondo na volteji katika kapasita na katika koili. Hila hiyo huokoa alama za mtihani. Haimsaidii anayetaka kujua sababu, wala haitafsiriki.

Kwa hiyo sentensi inayohakikiwa yafaa iandikwe hivi: "Katika kapasita, kilele cha mkondo hufika robo ya mzunguko kabla ya kilele cha volteji, kwa kuwa mkondo hufuata kasi ya kubadilika kwa volteji." Yaweza kupingwa kwamba ni ndefu. Ni kweli. Lakini ufafanuzi husemwa kwa ukamilifu mara moja, na baada ya hapo kitenzi kutangulia chaweza kutumika peke yake bila madhara. Aidha, si haki kukilaumu Kiswahili peke yake, kwani Kifaransa husema kwamba mkondo uko mbele ya volteji, na Kiingereza husema kwamba unaiongoza. Lugha zote tatu zimetumia lugha ya njia kueleza jambo la duara. Wahenga walikwisha kuonya kwamba kutangulia si kufika.

Umuhimu wa suala hili

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni mabishano ya wanaisimu. Sivyo. Feni nyingi za umeme wa nyumbani hutegemea kapasita ili mkondo wa waya mmoja usilingane kwa wakati na mkondo wa waya mwingine; tofauti hiyo ndiyo inayoipa mota msukumo wa kuzunguka. Kapasita ikifa, feni hunguruma bila kuzunguka mpaka isukumwe kwa mkono. Kapasita ya mikrofaradi 2 kwenye umeme wa volti 220 hupitisha takriban ampea 0.14. Fundi asiyejua sababu hubadilisha vifaa kwa kubahatisha. Tena kapasita kubwa huweza kubaki na chaji baada ya umeme kuzimwa, na asiyeelewa kwamba volteji ni chaji iliyokusanyika huigusa akidhani kwamba, kwa kuwa kuran imekatika, hatari nayo imekwisha. Hapo utata wa neno moja unageuka kuwa jeraha la mkono.

Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Hadhi hiyo haitakuwa na uzito darasani iwapo kazi ya istilahi itaishia kwenye kuorodhesha majina ya vifaa. Nomino za umeme zimekwisha kupatikana. Kilichobaki ni kuvichunguza vitenzi, kuvilinganisha na mazingira ya wasemaji wake, na kukubali kwamba Lomami unaweza kufundisha sawasawa na Bahari ya Hindi. Mwanafunzi wa Opala hakosi lugha ya kueleza kapasita. Anakosa mtu wa kumwonyesha kwamba tayari anayo.