Istilahi za Grafu ya Tanjenti: Tahakiki Fupi

Istilahi yafaa ipimwe mahali inapofanya kazi. Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi anazozihitaji mwanafunzi anapochora grafu ya tanjenti iliyobadilishwa, mathalani y = 2 tan (x − 45°) + 1.

Yawezekana mtu apendekeze tuliache neno 'tanjenti' na badala yake tutumie 'mguso'. Hoja hiyo ina msingi, kwani Thomas Fincke alipolitoa jina hilo mwaka 1583 alilichukua katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kugusa. Uwiano wenyewe ulipimwa kwa urefu wa mstari unaoligusa duara. Lakini katika grafu duara halipo tena. Kinachoonekana ni mchirizo unaopanda bila kikomo, ukiusogelea mstari wa wima wa 90° pasipo kuufikia kamwe. Kuuita mchirizo huo 'mguso' ni kumchanganya mwanafunzi. Kwa hiyo twaona 'tanjenti' libaki, na mstari ule usiofikiwa uitwe 'asimptoti'.

Kosa kubwa zaidi ni kuihamishia tanjenti istilahi ya 'kimo cha wimbi'. Hiyo ni mali ya sini na kosini, zenye kilele na bonde. Tanjenti haina kilele. Namba 2 katika mfano wetu si kimo cha kitu chochote, bali yaonyesha kuwa grafu imevutwa kiwima mara mbili.

Kwa upande wa matendo hatuna haja ya kukopa. Tukimwambia mwanafunzi asogeze grafu kulia 45°, aivute kiwima mara mbili, kisha aipandishe 1, atapata asimptoti kwenye 135°, na mchirizo utapita katika nukta (45°, 1) na (90°, 3). Hata hivyo 'kusogeza' lazima kutaje umbali halisi, wala si namba iliyoandikwa tu. Katika y = tan (3x − 60°) grafu hubanwa hata kipindi chake kikawa 60° badala ya 180°, lakini husogezwa 20° tu.

Kwa kifupi, jina likopwe pale ambapo tafsiri yapotosha. Tendo lielezwe kwa kitenzi chetu. Vinginevyo mwanafunzi atakosea mchoro kwa sababu ya jina baya, na lawama itakiangukia Kiswahili bure.