Kukamata, Kutwaa na Kutaifisha: Istilahi za Uwezo wa Serikali juu ya Meli na Bandari

Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, kazi ya kufasiri sheria za zamani imezidi kuwa kubwa. Katika makala haya twakusudia kulichunguza neno moja, kukamata, kama lilivyotumika katika rasimu kadhaa za tafsiri tulizozisoma, zinazohusu uwezo wa Serikali juu ya meli na bandari wakati wa hali ya hatari.

Kwanza, hali yenyewe. Baadhi ya wafasiri huandika "hali ya dharura". Dharura ni jambo la kila siku. Mwalimu huomba ruhusa kwa dharura. Ibara ya 32 ya Katiba ya 1977 husema "hali ya hatari", ambayo hutangazwa na Rais na kuungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote. Hatuoni sababu ya kuiacha istilahi ya Katiba.

Kukamata ni tatizo zito zaidi. Mahakama hukamata meli kwa ajili ya deni. Mkaguzi huizuia bandarini kwa ajili ya ubovu. Lakini wakati wa hatari Serikali huweza kuihitaji meli isiyo na deni wala ubovu. Mwaka 1982 Uingereza ilizichukua meli za abiria Canberra na Queen Elizabeth 2 kubeba askari kwenda visiwa vya Falkland. Vita vilipokwisha zilirudi kwa wenyewe. Je, zilikamatwa?

Rasimu hizo tuliwasomea walimu na watumishi wa Serikali wa Handeni na Korogwe. Tulikwenda huko kwa makusudi: ni mbali na gati, lakini mkonge wa Korogwe husafirishwa kupitia bandari ya Tanga, na sheria ya bandari humgusa mwenye shehena kama imgusavyo nahodha. Waliposikia "meli itakamatwa", swali lao la kwanza lilikuwa: mwenyewe amekosa nini? Neno kutaifisha walilikataa upesi zaidi, kwani huko mashamba ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, na hakuna aliyelichukua neno hilo kuwa na maana ya kuazima. (Mmoja alipendekeza shokoa. Ni neno la kale na zuri, lakini hilo huwahusu watu waliolazimishwa kufanya kazi.)

Sehemu hizo zina mfano wao wenyewe. Mwaka 1915 manowari za Waingereza zilipoifunga pwani ya koloni la Wajerumani, bandari ya Tanga haikuweza tena kutegemewa. Serikali ya Wajerumani ilikusanya reli nyepesi za mashambani na kuzitandika kutoka Mombo hadi Handeni ili kupeleka mizigo kusini. Mwenye shamba hakuwa mkosaji, wala shamba lake halikutaifishwa. Reli zake zilihitajiwa.

Twapendekeza kutwaa. Tunajua pingamizi: hutumika pia kwa ardhi, na ardhi iliyotwaliwa aghalabu hairudi. Kwa hiyo lisiachwe peke yake. Iandikwe "kutwaa kwa muda" pale ambapo mali hubaki ya mwenyewe. Amri ya Uingereza ya 1939 kuhusu ulinzi wa makoloni ilitenganisha kushika mali au kuiongoza na kuipata iwe ya dola kabisa. Mfasiri anayeziweka zote katika kukamata anafuta mpaka ambao mtungaji aliuweka kwa hadhari.

Kwa bandari, hata kutwaa hakufai kila mahali. Gati ni mali ya umma chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. Serikali haiwezi kutwaa kilicho chake. Huamuru meli ipi itangulie na shehena ipi isubiri, nasi twaita huko kuongoza bandari. Lakini mwaka 2023 kampuni ya DP World ilitia saini mikataba ya kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Yapasa mfasiri aseme iwapo kinachotwaliwa ni gati, mitambo au uendeshaji.

Limebaki neno fidia, ambalo rasimu hulitumia kwa malipo yote. Malipo ya siku ambazo meli imetumika ni kodi. Fidia ni kwa ile isiyorudi, kama Atlantic Conveyor iliyozama mwaka huo huo wa 1982. Mwenye jahazi anayeahidiwa fidia peke yake anaweza kudhani kwamba jahazi lake limekwisha kuhesabiwa kuwa limepotea.