Waliokaa Kimya Mnadani

Tarehe 29 Juni 2016, katika mnada wa Sotheby's jijini London, lilitolewa jiwe la karati 1,109. Lilichimbwa Karowe, Botswana, mwezi Novemba 2015, na likaitwa Lesedi La Rona. Tangu Cullinan ya Afrika Kusini, mwaka 1905, haikuwa imeonekana almasi ghafi ya kufaa kwa vito yenye ukubwa huo. Dau lilipanda hadi dola milioni 61, likagoma. Wenye mali walitaka bei isipungue milioni 70. Jiwe likarudi lilikotoka.

Habari za siku ile zilisema mnada umebuma. Heko zangu mimi ziliwaendea waliokaa kimya. Kuwekewa mbele jiwe ambalo halikuonekana mfano wake kwa zaidi ya karne moja, na bado ukaifuata hesabu yako badala ya moyo wako, hiyo ni kazi ya mtu aliyefundwa akafundika.

Anachonunua mtu huyo si kile kilichopo mezani. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo Lesedi La Rona ilikuwa na gramu 222 hivi, na kwa macho ya mgeni ilifanana na bonge la barafu lililoanza kuyeyuka. Mnunuzi analipia yatakayosalia baada ya msumeno na gurudumu la kung'arishia. Cullinan iliingia kwa mkataji ikiwa na karati 3,106. Vito vyote vilivyotoka humo, vikubwa tisa na vidogo 96, jumla yake ni karati 1,063 hivi. Theluthi moja tu. Mnunuzi asiyejua kukadiria kitakachogeuka unga, ukubwa wa jiwe utamfilisi.

Basi anaangaliaje? Kwanza hutafuta mwanga uliotulia. Antwerp, Ubelgiji, wanunuzi wamezoea kuketi kwenye dirisha linalotazama kaskazini, ambako jua haliingii moja kwa moja, mbele yao karatasi nyeupe, mizani na kioo kidogo cha kukuza mara kumi. Husoma umbo kabla ya kitu kingine. Jiwe lenye umbo la piramidi mbili zilizogusana vitako ni rahisi: lipasue katikati, utapata vito viwili kwa hasara ndogo. Lakini mawe makubwa mno mara nyingi hayana naitrojeni karibu hata chembe, jambo linaloyapa weupe wa ajabu, na hayo hayo ndiyo yanayotoka ardhini yakiwa hayana umbo. Weupe unakupa, umbo linakunyang'anya.

Kisha ufa. Mnunuzi huufuata kuanzia juu akielekea ndani, akigeuza jiwe taratibu, akiuliza unaishia wapi. Pengine ngozi ya jiwe ni ya ukungu na haoni kitu, ndipo muuzaji husugua sehemu ndogo ikang'aa, na sehemu hiyo huitwa dirisha. Dirisha husaidia, ila huonyesha upande ambao muuzaji amechagua kuufungua. Doa jeusi nalo lina hila zake: nyuso za jiwe hulirudisha kama vioo, doa moja likawa kumi. Mwanafunzi hukimbia. Mzoefu huzungusha jiwe hadi yale kumi yarudi kuwa moja, kisha anauliza lile moja limekaa wapi: ukingoni, litakwenda na unga, au katikati kabisa, mahali ambapo kito kikubwa kingekaa? Linabaki suala la mkazo uliofungiwa ndani tangu jiwe lilipoumbika. Huo huonekana kwa kuliweka kati ya vioo viwili vinavyochuja mwanga. Michirizi ya rangi ikijitokeza kwa ukali, msumeno unaweza kulisambaratisha.

Ustadi huu ni mkongwe kuliko vifaa vyake. Jean-Baptiste Tavernier, mfanyabiashara Mfaransa aliyesafiri India mara kadhaa katika karne ya 17, alieleza kwamba kwenye machimbo ya Golconda almasi zilikaguliwa usiku, kwa taa iliyowekwa ndani ya tundu ukutani. Ili kugundua weupe unaoficha ubuluu, jiwe lilipelekwa chini ya mti wenye majani mengi, kwa sababu kivuli cha kijani huufichua. Aliona pia watoto wa wafanyabiashara, wa miaka kumi hadi kumi na sita hivi, wamekaa chini ya mti, kila mmoja na mawe yake ya mizani na kibindo cha fedha. Mzigo ukiletwa alipewa mkubwa wao, ukapita mkono hadi mkono hadi ukamrudia, pasipo yeyote kusema neno. Baada ya hapo tu ndipo bei iliulizwa. Sijui chuo cha biashara kinachofundisha unyamavu huo.

Leo kuna mashine zinazochora ndani ya jiwe, kila ufa na kila doa, na kompyuta ikapendekeza mahali pa kukata. Ila Lesedi La Rona ilikuwa kubwa kuliko mashine zilizokuwapo. Laurence Graff, sonara wa London, alilifikia kwa hatua. Mei 2017 alilipa dola milioni 17.5 kwa kipande cha karati 373 kilichokuwa kimemeguka kwenye jiwe hilo hilo. Septemba akanunua jiwe lenyewe kwa milioni 53, chini ya dau lililokataliwa mnadani. Watu wake walilazimika kutengeneza kifaa cha kulipiga picha kabla ya kuthubutu kulikata. Lilitoa vito 67, kikubwa kikiwa na karati 302.37. Na mgodi ule ule wa Karowe, wiki ile ile ya Novemba 2015, ulikuwa umetoa jiwe la karati 813, likauzwa kwa milioni 63. Dogo likampita kubwa kwa milioni kumi.

Kwetu, kwenye mgodi wa Mwadui, Shinyanga, hatari huwa kwenye rangi. Jiwe la waridi la karati 32.32 liliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 13.8. Kampuni ya Diacore ilipata humo kito cha karati 11.15, na Oktoba 2022 kikauzwa Hong Kong kwa milioni 57.7 hivi. Ni rahisi kulalamika kwamba tumepunjwa, na bei ya jiwe ghafi inastahili kubanwa kila mara. Lakini uwaridi wa almasi hautokani na kemikali iliyochanganyika humo. Unatokana na fuwele kupindika chini ya ardhi, na mara nyingi hujipanga kwa tabaka nyembamba. Kata kwa mwelekeo mbaya, rangi inapauka. Aliyeweka dau la milioni 13.8 ilibidi akadirie rangi ya kito ambacho hakikuwepo bado, na kama hatutaki kuuza kwa hasara, anayelipangia jiwe bei upande wetu anahitaji jicho lile lile.