Adabu ya Macho

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mtoto mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa wake, wala hamnyooshei mtu kidole. Anayeanza kujifunza lugha ya alama hana budi kuyaweka kando malezi hayo. Mbele ya kiziwi, kuyaondoa macho ni kumkatiza kauli. Na kidole kikielekezwa kwa mtu hakimsuti, husema tu "wewe" au "yeye".

Ufundi wenyewe, kumbe, hauishii mikononi. Mkono una kazi zake: umbo la vidole, mahali unapowekwa, unavyosogea, na kiganja kinakoelekea. Badili kimoja tu, na maana huweza kugeuka. Ila sarufi nyingine imo usoni. Nyusi zikipanda, kauli ileile huwa swali la ndiyo au hapana; zikitulia, umetoa taarifa, na mwenzako hana la kukujibu. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye haya hupata tabu: vidole vimeshika somo, uso umekauka kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mjini Iringa, katika mgahawa wa Neema Crafts, wahudumu ni viziwi. Mgeni asiyejua alama anaweza kuandika anachotaka, na chai itafika. Anayejua alama ya chai, ya sukari na ya asante huanzisha mazungumzo, na akikosea vidole yupo wa kumrekebisha. Pale mwenye lugha ni mhudumu. Mteja ndiye anayebabaika.

Kwa majirani wa Tanzania, sheria imekwenda mbele. Katiba ya Uganda ya 1995 iliagiza lugha ya alama ya viziwi iendelezwe. Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Ni heshima kubwa, ila kiziwi haendi bungeni kila siku. Huenda sokoni, kwenye daladala, zahanati. Na huko mara nyingi huulizwa habari zake mtu aliyefuatana naye, hata awe mtoto wa shule.

Alama chache hazimfanyi muuguzi kuwa mkalimani, na matibabu si jambo la kubahatisha. Zinamtosha, hata hivyo, kumsalimu mgonjwa mwenyewe, macho kwa macho, na kumuuliza panapouma, kabla ya kumgeukia aliyemsindikiza.